Aliyekwisha Kuliliwa

Asubuhi moja niliamka, nikakunja godoro langu, nikalitupa nyuma ya gari na kuondoka Stafford, pembeni ya Houston, bila kujua ninakwenda wapi. Sikuwa nimegombana na mtu. Kazi ya kusambaza vifurushi ilikuwepo, na chumba nilichopanga hakikuwa na kasoro. Ila mimi nikikaa mahali mpaka muuza duka akajua nitanunua nini kabla sijafungua mdomo, miguu huanza kuniwasha. Nilikuwa hivyo tangu Tanga. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu treni ya Moshi ilipita karibu na darasa, na mwalimu alikuwa anafundisha kitu ambacho hakikuwa treni.

Nikashika barabara ya arobaini na tano kuelekea kaskazini. Houston haiishi mara moja, inakuchuja. Maghala, makanisa makubwa kama viwanja vya mpira, mabango ya mawakili wa ajali, halafu nyasi. Nilipofika kwenye nyasi ndipo nilipogundua kwamba kabla ya kutoka nilikuwa nimefanya jambo bila kulifikiri. Nilifungua dirisha la chumba changu, nikasubiri kidogo, kisha nikalifunga. Nikacheka peke yangu. Hiyo si desturi ya Tanga. Nilifundishwa na Bibi Mwenye Nyumba.

Bibi Mwenye Nyumba alikuwa Muayalandi, mjane, na alipangisha vyumba katika nyumba yake pale Stafford. Nilikaa kwake kwa vipindi, nikitoka na kurudi kwa miaka mingi, na sijapata kukutana na mtu aliyenishangaza kama yeye. Alikuwa mfupi, mwenye nywele nyeupe alizozikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni bila kioo, na alivaa viatu vya marehemu mumewe kwa sababu, alisema, vilikuwa bado havijafika mwisho wa safari yao. Chai yake ilikuwa nyeusi kiasi kwamba maziwa yalitumbukia na kupotea. Ukikataa kikombe cha kwanza alikuwekea mbele yako. Ukikataa cha pili alikuuliza nani amekuudhi.

Mlangoni kwake palikuwa na kibakuli kidogo cha maji ya baraka kilichopigiliwa ukutani. Aliyetoka alinyunyiziwa, awe Mkatoliki, Mlokole, au mimi, Mwislamu. Mara ya kwanza nilirudi nyuma. Akaniambia ni maji tu, kama mvua ya Mungu, na kwamba hajawahi kumwona mtu anayeikimbia mvua kwa sababu ya dini. Tangu hapo nilikuwa nikiinamisha kichwa mwenyewe.

Kwa upande wake, Ramadhani aliiheshimu kuliko baadhi ya jamaa zangu. Jua likikaribia kuzama alisimama uani akilitazama kama aliyeajiriwa kulichunga, na likizama aliingia na tende na uji, bila neno. Alisema kwao nyumbani wakati wa Kwaresima walikunywa chai bila maziwa na kula mkate bila siagi, na mtu aliyefunga alitambuliwa kwa jinsi alivyowanyamazia wengine. Mimi, aliongeza, nilifunga vizuri tumbo lakini mdomo ulikuwa umeachwa wazi.

Nilipofika kwake nilidhani Mzungu ni Mzungu. Nilijua wapo matajiri na wapo matajiri zaidi. Bibi ndiye aliyenifungua macho. Alinisimulia kwamba kisiwa chao kilitawaliwa na Waingereza muda mrefu kuliko sisi, kwamba ardhi ilichukuliwa, padre akawa mtu wa kuwindwa, na misa ikasomwa juu ya jiwe porini huku kijana akiwa juu ya kilima kuangalia kama askari wanakuja. Bibi mzaa bibi yake aliiona njaa ile kubwa, viazi vilioza shambani na watu wakafa kando ya barabara na majani mdomoni. Kuhusu njaa hiyo hakuna aliyesimulia nyumbani kwao. Alichorithi ni kitu kimoja tu: kila alipopika viazi alipika kimoja zaidi ya idadi ya watu, na hakikuliwa mpaka kesho yake. Nilimwuliza ni cha nani. Akasema, "Cha anayekuja."

Nilikuwa nikimsikiliza mdomo wazi. Nilikwenda maktaba, mimi niliyeikimbia shule, nikatafuta kama ni kweli. Nikakuta amenipunguzia.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa bendera. Kila mwezi wa tatu, Dallas na Houston huwa na maandamano ya mtakatifu wao. Watu huvaa kijani kuanzia kofia hadi kaptura, na kuna bia ya kijani pia. Siku hiyo Bibi alifunga mapazia. Alisema mtakatifu mwenyewe alikuwa mtumwa, aliyetekwa utotoni na kuvushwa bahari achunge kondoo wa watu, na sasa wanamkumbuka kwa kutapika. Basi mwaka mmoja nikampata dukani akiwa amezungukwa na familia ya Wateksasi, kijani tupu, na mama yao alikuwa akimweleza kuhusu babu wa babu yake aliyetoka kaunti fulani, jina la kaunti akilikosea. Nilingoja amkate maneno. Akamshika yule mama mikono miwili, akamwuliza jina la ukoo, akasema ni watu wazuri, anawajua. Ndani ya gari nikamwuliza kama kweli anawajua. Hakuwajua. "Lakini ametoka mbali sana kuuliza," akasema. "Huwezi kumwambia nyumbani hakuna mtu."

Kwa upande wa nyumbani kwake mwenyewe hakuwa mpole hivyo. Alikuwa na mdogo wake wa kike, wa pekee aliyebaki, anayeishi bado katika nyumba waliyozaliwa, magharibi ya kisiwa, mahali ambapo hata miti, alisema, imeinama kwa kupigwa na upepo. Kila Jumapili baada ya misa walipigiana simu. Walizungumza hali ya hewa na nani amekufa. Kuaga kwao kulichukua muda kuliko mazungumzo: haya, haya, haya basi, haya, mpaka mmoja apate ujasiri wa kukata. Na kila Jumapili, kabla ya haya ya kwanza, mdogo mtu aliuliza, "Utakuja lini?" Bibi alijibu kwamba anaona kama mvua itanyesha Houston.

Hakuwahi kurudi. Tangu aondoke akiwa msichana wa miaka kumi na minane hakuwahi kukanyaga kule, hata kwa maziko ya wazazi. Nauli haikuwa tatizo. Sababu nilikuja kuijua kwa njia ambayo sitaisahau, maana ilipita kwenye matanga yangu mimi mwenyewe.

Lakini kwanza nieleze juu ya kijiti, kwa sababu hapo ndipo Mwikali alipoingia.

Mwikali alikuwa nesi kutoka Machakos, mpangaji wa chumba cha mbele, mwanamke wa vicheko vya ghafla, aliyemwita Bibi "Susu", yaani bibi kwa Kikamba. Jioni moja Bibi alikuwa akimkemea mbwa kwa lugha ya kwao ya asili. Lugha hiyo aliitumia kwa mambo matatu tu: kuhesabu, kusali na kumkemea mbwa. Mwikali akamwuliza kwa nini haizungumzi na mdogo wake kwenye simu. Bibi akaeleza kwamba babu yake alipokuwa shule alivalishwa kijiti kwa uzi shingoni. Kila aliponena neno la kwao badala ya Kiingereza kilikatwa alama, na jioni alichapwa kwa hesabu ya alama. Babu alipozaa watoto hakuwafundisha lugha ila ile ya kanisani na ya mifugo.

Mwikali aliweka kikombe chini. Akasema kwao kilikuwa kibao cha mti, nacho kwa uzi. Ukizungumza Kikamba unavishwa, unatafuta mwenzako aliyekosea umvike yeye, na atakayelala nacho ndiye atakayepigwa. Bibi akamwuliza shule ilikuwa ya nani.

"Ya masista, Susu," Mwikali akasema. "Masista wa kwenu."

Bibi aliinuka, akaosha vikombe ambavyo tulikuwa bado tunavinywea. Alipomaliza akasema, akiwa ametugeuzia mgongo, "Mtu akivuliwa kijiti shingoni hajui pa kukiweka. Anatafuta shingo nyingine." Kisha akamwomba Mwikali amfundishe kuhesabu kwa Kikamba. Alijifunza hadi kumi, na kuanzia siku hiyo ngazi za mlangoni alizipanda kwa Kikamba.

Sasa matanga.

Mara ya kwanza nilipomuaga, nilikuwa nakwenda Oklahoma kuendesha malori. Nilimwambia juzi yake. Asubuhi ya kuondoka niliamka nikakuta kioo cha sebuleni kimefunikwa shuka, saa ya ukutani imesimamishwa, dirisha la chumba changu limefunguliwa, na mezani kuna chai, mikate ya mayai, na sahani ya ugoro ambao hakuna aliyeunusa. Bibi alikuwa amevaa nguo nyeusi na rozari mkononi. Alinieleza kwamba kwao kijana akiondoka kwenda Amerika alifanyiwa matanga kama maiti, kwa sababu hakuna aliyerudi. Dirisha hufunguliwa roho itoke, kisha hufungwa isirudi. Watu walikaa naye hadi kulipokucha, wakacheza, wakalia, wakamtaja kwa mema na mabaya akiwa anasikia. Kwingine desturi ilikuwa imeshakufa, lakini bibi yake alishikilia kwamba mtu asiondoke kama mwizi. Mimi, mtoto wa Tanga, sikuweza kukaa. Kwetu kumlilia mtu mzima wa afya ni kumwitia mauti. Nikasingizia matairi, nikatoka kwenda kuyabadilisha.

Nikiwa huko, Mwikali akarudi kutoka shifti ya usiku. Akakuta kioo kimefunikwa, saa imesimama, Bibi katika nyeusi amepiga magoti. Akauliza kumetokea nini.

Bibi akamjibu, kwa utulivu wa mtu asemaye jambo la kawaida, "Kijana wa chumba cha nyuma. Leo tunampoteza."

Mwikali hakuuliza zaidi. Mkenya akisikia msiba haulizi, anatenda. Alipiga magoti pembeni ya Bibi, na kwa mkono mmoja akapeleka habari kwenye kundi la Waafrika Mashariki wa Houston. Niliporudi na matairi mapya sikupata pa kuegesha. Barabara nzima ilikuwa magari. Jikoni kulikuwa na masufuria ya pilau na chapati zilizofungwa kwa taulo, na kina mama nisiowajua walikuwa wakigawana kazi. Mzee mmoja wa Nakuru, mwenye koti kubwa, akanishika bega mlangoni.

"Pole sana, kijana. Ulimfahamu marehemu?"

"Kidogo," nikasema.

"Wanasema alikuwa mtu wa kuhamahama."

"Ndiyo. Hakutulia."

"Basi sasa ametulia," akasema, na kunipa sahani.

Nilikula pilau ya matanga yangu, na ilikuwa nzuri. Mwikali aliponiona alipiga ukelele, kisha akanipiga kwa mwiko, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Mzee wa Nakuru alidai tumalize kusali kwa kuwa watu wamekuja kutoka mbali. Wakasali. Nikasema amina.

Kicheko kiliisha simu ilipolia. Jamaa mmoja wa Tanga alikuwa amekwisha kupeleka habari nyumbani. Aliyepiga alikuwa mama yangu. Nikamwambia niko hai, ni mkanganyiko, wazungu wana mila zao. Halafu akasema, taratibu, "Mimi leo sikulia, mwanangu. Wameshangaa hapa kwa nini silii. Nilikwisha kukulilia siku ile, uwanja wa ndege wa Dar."

Bibi alikuwa amesimama karibu. Akataka kujua mama amesema nini, nikamfasiria. Akavuta kiti, akakaa. "Mama yako na mama yangu," akasema, "wamesoma shule moja."

Hapo ndipo aliponisimulia. Alikuwa amechukuliwa pamoja na wasichana wengine wa huko, waje Teksasi kuwa masista. Walifanyiwa matanga kamili, maana sista wa ng'ambo siku hizo hakurudi. Mama yake alilia kwa sauti ile ya zamani ya kulilia maiti, kijiji kizima kikalia, baba yake akamwambia mlangoni, "Tumekuzika leo. Usitufanye tukuzike mara ya pili." Akaja. Akakaa utawani miaka michache, akashindwa, akatoka, akaolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, tena Mprotestanti. Na kwa kuwa walimlilia kama bibi arusi wa Mungu, alisema, atarudi kama nani? "Aliyekwisha kuliliwa harudi. Akirudi anakuwa amewaibia watu machozi yao."

Nikamwambia basi mimi nikirudi Stafford asinipangishe. Akasema yeye ni mfanyabiashara.

Nilirudi, kweli, mara kadhaa. Kila mara alinifanyia matanga upya, na kila mara alilalamika kwamba mimi ndiye maiti msumbufu kuliko wote aliowahi kuwasindikiza. Kila mara pia kulikuwa na kiazi kimoja cha ziada. Hilo ndilo sikuwahi kulielewa kwake. Nyumba yake ilimsubiri kila aliyeondoka, na yeye mwenyewe alikataa kwamba kuna nyumba popote inayomsubiri yeye. Mdogo mtu aliendelea kuuliza, na mvua iliendelea kukaribia Houston.

Kisha magoti yakamshinda Bibi. Mwikali alikuwa amehamia Haltom City, upande wa Fort Worth, akanunua nyumba na kuanza kulea wazee wachache ndani yake, kazi ambayo manesi wetu wengi huko wanaifanya. Akaja na gari kumchukua Susu wake. Nyumba ya Stafford ikauzwa; niliporudi mji ule safari ya mwisho nilipanga kwa watu wengine. Nilisikia habari hizo nikiwa njiani mahali fulani, nikasema nitakwenda kumwona. Na kama kawaida yangu nikaenda kwingine.

Haya yote yalinipitia nikiendesha. Penye njia panda, kulia Dallas, kushoto Fort Worth, usukani ukakata kushoto. Sikuubishia.

Nyumba ya Mwikali ilikuwa ya matofali mekundu, yenye ngazi za saruji mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Niliingia nikiita hodi. Kioo cha sebuleni kilikuwa kimefunikwa shuka. Saa ilikuwa imesimama. Mwikali alitoka chumbani amevaa nyeusi.

"Amefariki lini?" nikauliza.

Sauti ikatoka jikoni, ile ile, kavu kama mkate wa Kwaresima. "Kesho asubuhi. Funga mlango, baridi ya kiyoyozi inatoka."

Alikuwa amepungua kama sabuni, lakini viatu vilikuwa vile vile. Mbele yake chai nyeusi. Nilimwamkia, akanitazama, akamwambia Mwikali, "Nilikuambia uchemshe kiazi kimoja zaidi."

Alikuwa anakwenda nyumbani. Alinieleza bila kupamba. Jumapili chache nyuma, mdogo wake aliuliza swali lake, naye akachoka kusema habari za mvua. Kwa mara ya kwanza akamwambia sababu yote: matanga, maneno ya baba, machozi ya watu. Mdogo mtu akasema kwamba wote waliolia siku ile wako makaburini, na deni lao wamekwenda nalo.

"Na wewe?" Bibi alimwuliza.

"Mimi? Nilikuwa na miaka sita. Nilikuwa chini ya meza nakula keki ya zabibu. Hakuna aliyenitazama, nikala keki nzima. Mimi sikulia hata kidogo. Kwangu mimi hujafa."

Bibi aliporudia maneno hayo alikuwa akikitazama kikombe. Mimi nilitazama dirisha. Maisha yake yote alikuwa amejizuia kwa ajili ya kitu ambacho mtoto mmoja chini ya meza hakuwahi kukifanya.

"Sasa nyie nifanyieni ya huku," akasema. "Nililieni nikitoka, nifike hai."

Tukamfanyia, mchana ule ule. Walikuja wale wazee wengine wa Mwikali kwa viti vya magurudumu, majirani wa Kongo, na wanawake wa jumuiya ndogo ndogo ya parokia na chapati zao. Tulimtaja kwa mema na mabaya. Mwikali alisema Susu ni mbahili wa joto na mkarimu wa chai. Mimi nilisema ndiye aliyenifundisha kwamba Mzungu naye ana kwao. Mwanamke wa Kongo, ambaye hakumjua vizuri, alilia kuliko sisi wote, na Bibi akafurahi. Akasema hatimaye kuna mtu anayejua kazi.

Asubuhi Mwikali alimpeleka uwanja wa ndege. Bibi alizishuka ngazi akihesabu kwa Kikamba. Kabla hajazishuka, pale mlangoni, alichovya vidole kwenye kibakuli alichohama nacho kutoka Stafford, akaninyunyizia mimi, ingawa safari hii mimi ndiye niliyebaki. Hakugeuka.

Mwikali alikuwa ameniachia ufunguo mezani na kuniambia chumba ni kile cha mwisho. Kimeachwa na marehemu, alisema, shuka ni safi, na nisivute sigara. Niliingiza godoro langu, ingawa kitanda kilikuwepo. Nikafunua kioo, nikawasha saa. Dirisha la chumba nilitakiwa kulifunga. Nililiacha wazi.

Kisha nikakaa kitandani nikampigia mama. Tanga ilikuwa jioni. Tulizungumza mvua, na nani amekufa. Kabla hajaanza kuaga nikamwuliza kama siku ile, uwanja wa ndege wa Dar, kulikuwa na mtu yeyote ambaye hakulia.

Alifikiri.

"Yupo," akasema. "Mtoto wa dada yako. Alikuwa mgongoni, alilala mwanzo hadi mwisho." Nikamsikia akicheka kidogo. "Sasa ana ndevu. Huwa anauliza mjomba yuko wapi."